Shirdaki Iliyokosa Nyayo

Zuurakan alikata kamba, akafunua nailoni, na nondo mdogo akaruka kutoka ndani akamgusa shavuni.

Alijua papo hapo. Hata hivyo alijiambia kwamba nondo mmoja si kitu. Aliusukuma mlango wa ghala ili mwanga uingie, akapiga magoti na kuanza kulikunjua zulia. Ukingo wa kwanza ulitoka mzima: pembe nyekundu za kondoo dume juu ya uwanja wa kahawia, na kigwe cheupe kikipita kila penye mshono. Kisha likatoka vumbi la kijivu. Kisha yakatoka maganda ya viwavi, makavu kama pumba. Alipofika katikati, aliona sakafu ya ghala.

Aliendelea kukunjua mpaka mwisho, kwa sababu hakujua la kufanya jingine.

Zulia lile, shirdaki ya sufu iliyoshindiliwa, lilikatwa na mavyaa wake, Bi Uulkan, kabla Zuurakan hajaolewa katika nyumba ile. Katika bonde zima la Kochkor wanawake wanaojua kushona sufu ni wengi, lakini wanaojua kukata ni wachache. Bi Uulkan alikuwa akikata bila kipimo. Alitandika mapande ya sufu iliyoshindiliwa, akachora kwa chaki, akashika kisu. Pembe zake zilianza kama pembe za mkataji yeyote, zikafika nusu ya safari, kisha zikageuka nyuma kana kwamba zimekumbuka kitu nyumbani. Nakshi hiyo aliikata mara moja tu. Wengi walijaribu kuiiga na wote walishindwa.

Vuli iliyopita Bi Uulkan alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea, na binti yake Kalipa akamchukua kwenda kukaa naye mjini Naryn, karibu na hospitali. Siku ya kuondoka, bibi huyo alisimama mlangoni na fimbo yake, akaitazama sakafu.

"Shirdaki yangu ni ya binti yenu Aizirek," alisema. "Ataondoka nayo siku ya harusi yake. Itunzeni."

Zuurakan aliitunza. Haikupita hata wiki, mgeni mmoja alimwaga chai juu yake, naye akaona basi, yatosha. Aliiondoa sakafuni, akaikung'uta, akaikunja, akaifunga ndani ya nailoni nene na kuiweka juu ya sanduku ghalani. Majira ya baridi hakuitoa nje kwa sababu ya theluji, wala mwanzo wa joto kwa sababu ya tope. Hakuweka hata jani la pakanga la kufukuzia wadudu, kwa kuwa nailoni ilionekana kumtosha adui yeyote. Kila alipopita ghalani aliutazama mzigo ule na kujisifu kimoyomoyo.

Sasa Bi Uulkan alikuwa anarudi wiki ijayo. Harusi ya Aizirek ilikuwa mwisho wa kiangazi. Wanawake wa upande wa bwana harusi wangekuja kukagua vitu anavyoondoka navyo binti, na katika bonde lile wanawake hao hawatazami shirdaki kwa juu tu. Huipindua na kuikagua mishono.

Mumewe, Asankul, alikuja kusimama nyuma yake akinuka kondoo.

"Tununue nyingine sokoni," alisema.

"Nyingine ipi? Nani kakata kama hii?"

"Basi tuseme imeibiwa."

"Asankul!"

"Nawaza tu." Alivua kofia, akajikuna kichwa. "Nilipovunjika mguu, mama hakulia. Baba alipozikwa, alilia kidogo. Kwa hii atalia, Zuura. Mimi sitaki kuwepo. Nitakuwa malishoni."

"Utakuwa hapa."

"Nitakuwa hapa," alikubali mumewe kwa huzuni.

Asubuhi iliyofuata Zuurakan alimpigia simu wifi yake. Alikuwa ameshaandaa maneno. Kila shirdaki huzaliwa na pacha wake: mapande mawili ya rangi tofauti hulazwa moja juu ya jingine, kisu hupita yote mawili kwa pamoja, kisha vipande hubadilishana nafasi. Nyekundu ya huku huingia kwenye kahawia ya kule, na kahawia ya kule huingia kwenye nyekundu ya huku. Hakuna kinachotupwa. Pacha wa shirdaki ile, mwenye pembe za kahawia juu ya uwanja mwekundu, aliondoka na Kalipa alipoolewa. Zuurakan aliwahi kumkuta pacha huyo chini ya meza ya jikoni, amejaa makombo, na hakujizuia kusema neno. Neno lile Kalipa hakulisahau.

"Wifi, habari za huko? Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea kunitukana. Leo kasema supu yangu inafaa kuoshea farasi. Kwa hiyo yu mzima."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nataka unipigie picha ya shirdaki yako."

"Ipi? Ile ninayoikanyaga kama gunia?"

"Kalipa, jamani."

"Nauliza tu, maana ninayo hiyo moja."

"Aizirek anataka kuiona, alinganishe rangi..."

"Aizirek katambaa juu ya hiyo yenu mpaka akaota meno. Alinganishe nini?" Sauti ya Kalipa ilishuka. "Zuura. Kumetokea nini?"

Maneno yote yaliyoandaliwa yalimponyoka.

"Nondo," alisema.

Alisubiri kicheko. Hakikuja.

"Wamebakisha nini?" Kalipa aliuliza.

"Ukingo. Na pembe za upande mmoja."

"Ee Mola wangu." Kalipa alivuta pumzi. Kisha, kwa kuwa Kalipa ni Kalipa, akasema, "Uliitia kwenye nailoni."

"Niliitunza."

"Uliizika, mke wa kaka yangu. Sufu inataka jua na miguu ya watu. Hilo hata mimi mvivu nalijua."

Zuurakan naye alikuwa akilijua vilevile, tangu utoto. Alilijua na bado akaifunga, kwa sababu kuikanyaga kulimuuma zaidi kuliko kuificha.

"Nitaileta yangu tuitandike," Kalipa alisema.

"Rangi zimegeuka. Mama ataona kabla hajavua viatu."

"Kweli. Yule haoni sindano, lakini kosa analiona." Kalipa alifikiri. "Picha nakutumia. Nitamwambia daktari anataka kumwona tena. Lakini fanya haraka, maana akishuku uongo ataondoka hapa kwa mguu, na fimbo yake mkononi."

Picha iliingia baada ya muda mfupi. Mguu wa kiti ulikuwa umeziba pembe moja, na kando ulionekana mguu wa mtoto mwenye soksi iliyotoboka. Wekundu ulikuwa umechujuka ukawa kama tofali. Hapa palikuwa na kiraka, pale na alama ya sufuria ya moto. Lakini pembe zote zilikuwepo. Zilifika nusu ya safari, zikageuka nyuma.

Zuurakan aliitazama picha ile mpaka kioo kikazimika.

Mapande ya sufu alikuwa nayo, moja jekundu na moja la kahawia. Alikuwa ameyashindilia pamoja na majirani kwa ajili ya matandiko ya Aizirek. Sufu ya kukata mara ya pili haikuwepo, na kondoo walikuwa wamekwisha kunyolewa na sufu yao kuuzwa. Kisu cha Bi Uulkan kilikuwa mahali pake, kwenye mfuko wa ngozi nyuma ya mlango. Kilichokosekana kilikuwa mkono.

Zuurakan hakuwahi kukata. Miaka yote ya ndoa yake alishona kile ambacho mavyaa wake alikikata. Siku moja, akiwa bado bibi harusi mgeni, Bi Uulkan alimkabidhi kisu na kusema, "Kata." Yeye alikitazama kile kisu, akatazama sufu iliyoshindiliwa na wanawake wengi, akakirudisha. Bi Uulkan hakumlazimisha, na hakumpa tena.

Jirani yake Tursun alikuja kumshikia mapande yasiteleze. Zuurakan aliweka simu mbele yake, akaanza kuchora kwa chaki. Alihesabu, akapima kwa shubiri, akafuta, akachora upya. Mstari kwa mstari ulilingana na picha. Hata hivyo, alipoinuka kutazama kwa mbali, aliona kasoro. Kila kitu kilikuwa mahali pake na hakuna kilichokuwa hai.

Tursun aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Hizi ni pembe," aliuliza, "au ndoano za kuvulia samaki?"

"Tursun, shika vizuri na ufunge mdomo."

"Nimeshika. Nauliza tu nijue ninachokishika."

Zuurakan alichoma kisu kwenye sufu. Kilihitaji nguvu zaidi kuliko alivyodhani, maana mapande yalikuwa mawili. Jasho lilimtoka kwenye viganja. Alikata pembe ya kwanza, akakata ya pili. Katika ya tatu alifika pale pa kugeuka, akachelea kupitiliza, akavuta kisu kwa ghafla, nacho kikamponyoka. Kiliuacha mstari wa chaki, kikakata njia yake hadi karibu na ukingo.

Zuurakan aliinua pande la juu. Chini yake, kwenye kahawia, palikuwa na jeraha lile lile.

Alitoka nje. Alisimama kando ya pipa la maji, akashika ukingo wake. Kondoo wawili walimtazama. Aliwaza kumpigia Kalipa na kusema alete hiyo yake, liwalo na liwe. Aliwaza kusema imeibiwa. Akanawa uso, akarudi ndani, kwa sababu sufu iliyokatwa haiwezi kushonwa ikawa pande zima tena, na Tursun alikuwa bado amepiga magoti pale pale, ameshika.

"Nikuchemshie chai?" Tursun aliuliza kwa upole, na upole wa Tursun ulitisha kuliko utani wake.

"Shika tu."

Aliutazama mkato ule. Ulikuwa umekwenda mbali mno na pembe. Ukiachwa peke yake ungekuwa kosa. Lakini kama pembe iliyo karibu nao ingeinuka kuupokea, na ile ya chini ikajikunja kuvipisha... Aliigeuza simu kifudifudi. Alifuta chaki yote kwa kiganja, mpaka sufu ikawa na ukungu mweupe. Kisha akachora kutoka pale kisu kilipoishia.

Hofu haikumtoka, ila ilihama. Mwanzo ilikuwa tumboni, sasa ilishuka mikononi, na mikono ikaifanyia kazi. Kila mkato uliuliza swali, na mkato uliofuata ulipaswa kulijibu, wala hakukuwa na picha ya kuuliza. Pembe hazikurudi nyuma kama za Bi Uulkan. Zilikwenda, zikayumba, zikakutana na nyingine, zikaendelea pamoja. Wakati mmoja aliinua kichwa na kuona mwanga wa dirishani umehama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

"Unaimba," Tursun alisema.

"Siimbi."

"Basi ni nzi mkubwa. Na chai yako imepoa mara mbili."

Siku zilizofuata walishona: Zuurakan, Tursun na Aizirek mwenyewe. Pembe nyekundu ziliingia kwenye kahawia, kigwe cheupe kikafuata mishono. Vipande vya pacha viliwekwa kwenye gunia kusubiri nafasi. Aizirek alijua kila kitu na hakusema kitu, isipokuwa mara moja, alipokuwa akikata uzi kwa meno.

"Mama, bibi akikataa, mimi nitaondoka na nini?"

"Shona," Zuurakan alimjibu, kwa sababu hilo ndilo swali lililokuwa likimwamsha kila alfajiri.

Shirdaki mpya ilitandikwa sebuleni asubuhi ya siku aliyofika Bi Uulkan. Tangu ilipotandikwa, watu wote wa nyumba walikuwa wakiizunguka pembeni, kandokando ya ukuta, kama wanaopita kando ya kisima. Hakuna aliyewaamuru.

Gari lilisimama. Kalipa aliingia kwanza, akamkonyeza Zuurakan, na konyezo lile halikuwa na habari njema wala mbaya. Nyuma yake aliingia Bi Uulkan, mwembamba zaidi, mkono wa kulia ukining'inia, fimbo katika mkono wa kushoto. Asankul alimvua viatu. Bibi aliamkiwa na wote, akabusu wote, akafika kwenye kizingiti cha sebule na kusimama.

Zuurakan alisikia birika likichemka.

"Hii si yangu," Bi Uulkan alisema.

"Karibu ukae kwanza, Mama," Asankul alianza.

"Sijakuuliza wewe. Yangu iko wapi?"

Asankul alilitazama birika. Kalipa alilitazama dirisha. Zuurakan alikwenda ghalani, akarudi na mzigo mikononi, akaukunjua mbele ya miguu ya mavyaa wake. Vumbi la kijivu lilidondoka sakafuni.

Bi Uulkan alishuka chini polepole, akakaa. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya tundu la katikati. Aliacha kiganja pale kwa muda mrefu.

"Nilikwambia uitunze."

"Niliitunza, Mama."

"Uliificha!" Fimbo ilipiga sakafu. "Niliikata ili watu waikalie. Wazaliwe juu yake, wale juu yake, wagombane juu yake. Wewe ukawanyima watu ukawapa nondo! Mkono wenyewe ndio huu, tazama." Aliuinua mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akauachia ukaanguka pajani. "Huu hautakata tena. Umesikia? Hautakata tena."

"Nimesikia, Mama. Kosa ni langu."

Machozi yalimtoka bibi huyo, kama Asankul alivyotabiri, naye Asankul akageukia ukuta. Hakuna aliyejaribu kumnyamazisha. Zuurakan alibaki amepiga magoti. Angeweza kusema kuhusu theluji, tope na chai ya mgeni, lakini kila sababu aliyoishika mdomoni ilikuwa nyepesi, akaimeza.

Hatimaye Bi Uulkan alijifuta kwa kitambaa cha kichwa. Akanyosha fimbo kuelekea zulia jipya, akaanza kuufuata mkato kwa ncha yake, pembe ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu fimbo ilisimama.

"Hapa kisu kilikutoka."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikivuta."

"Niliogopa kupitiliza."

"Ukapitiliza." Fimbo iliendelea, ikapanda, ikashuka, ikakutana na pembe iliyoinuka kupokea, ikajikunja nayo. Ilikwenda taratibu zaidi. "Na huku? Huku ulichora kwa kutazama nini?"

"Sikutazama kitu."

Bi Uulkan aliufuata mstari mpaka ukingoni, akarudi nao.

"Mshono wa kona hii umelegea," alisema.

"Huo wangu, Bibi," Aizirek alisema kwa sauti ndogo.

"Utaufumua. Wanawake wa kwa mumeo wana kucha ndefu." Kisha akamgeukia Zuurakan, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Ulipokuwa unakata, ulijionaje?"

Zuurakan alitaka kujibu vizuri. Alitafuta neno la hofu iliyoshuka mikononi, la mwanga uliohama ukutani. Hakulipata.

"Nilisahau kula," alisema.

Bi Uulkan alikohoa, kisha ikaonekana kwamba si kikohozi, anacheka.

"Mimi kuna siku nilisahau kumnyonyesha huyu," alisema, akimwelekezea Asankul fimbo.

"Ndiyo maana mfupi," Kalipa alisema.

"Nipo hapa," Asankul alilalamika. "Nasikia."

"Pacha wake yuko wapi?" Bi Uulkan aliuliza.

Zuurakan alisita. "Yumo kwenye gunia, Mama. Bado sijaunganisha."

"Gunia! Wewe mwanamke unawapenda sana nondo." Aligonga fimbo, lakini si kwa nguvu. "Mlete leo hii. Huyo ndiye atakayebaki katika nyumba hii. Hii aondoke nayo mtoto."

Aizirek aliinama akajifanya anatafuta sindano.

"Na ile?" Kalipa aliuliza, akiionyesha ya zamani. "Tuikate tuokoe ukingo?"

"Itandikeni kando ya kitanda changu."

"Imekwisha, Mama."

"Hata mimi nimekwisha. Itandikeni."

Asankul aliibeba kwa mikono miwili, kama abebaye mtoto aliyelala, akaenda kuitandika. Kalipa alimimina chai ya maziwa, akaweka sinia la maandazi katikati. Bi Uulkan alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa bado haujazoea kazi hiyo. Kikombe kiliyumba. Chai ilimwagika juu ya pembe nyekundu, ile ya tatu, ikaingia kwenye sufu.

Zuurakan alishainuka na kitambaa mkononi kabla hajajua kwamba ameinuka. Kalipa alikuwa akimtazama. Bi Uulkan alikuwa akinywa kilichobaki.

Zuurakan alipangusa mara moja, akaacha. Doa lilibaki, jepesi, la rangi ya mkate. Bado lilimuuma. Alivua soksi zake, akapita moja kwa moja katikati ya shirdaki kwenda kuleta birika.